Ramani ya Taaluma na Majina Yasiyoonekana

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyepata kusahihisha tasnifu anaujua ule ukurasa wa mwisho, ukurasa wa marejeo. Aghalabu tunaufikia tukiwa tumekwisha choka. Tunaupitishia macho upesi kuona kama majina yamepangwa kwa alfabeti na kama miaka imeandikwa, kisha tunaifunga kazi na kuandika alama. Makala hii inauhusu ukurasa huo. Wako wataalamu ambao kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini wameuchukua ukurasa wa marejeo peke yake, wakauacha mwili wote wa maandishi, na kwa majina matupu wakachora ramani za taaluma nzima. Njia yao ni kuchunguza ni waandishi gani wanaotajwa pamoja, na ni mara ngapi. Sisi tutaiita njia ya marejeo ya pamoja. Madhumuni yetu ni kuieleza njia hiyo kwa lugha nyepesi, kuipima kama tunavyopima kazi yoyote inayoletwa mbele ya mhakiki, na kuuliza litakalotupata sisi watu wa Kiswahili iwapo tutapimwa kwayo.

Swali hili si la anasa. Mwalimu mwenzetu mmoja, aliyekuwa akijiandaa kwa shahada ya pili katika chuo ambacho hatutakitaja, alirudishiwa pendekezo lake la utafiti likiwa na maneno machache ya wino mwekundu pembeni. Aliambiwa kwamba waandishi aliowategemea hawaonekani katika faharasa za kimataifa, na kwa hiyo atafute wengine. Waandishi wenyewe ni wale tunaowafundisha kila siku darasani. Mwenzetu alitii, akaibadili orodha yake, na katika kuibadili orodha akalazimika kuibadili na mada. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: faharasa hizo ni kitu gani, na zina uwezo gani wa kusema nani yupo na nani hayupo?

Asili ya njia yenyewe

Asili ya jambo hili iko kwa mawakili. Nchini Marekani, tangu mwaka 1873, palikuwa na faharasa ya Shepard iliyomwezesha wakili kujua kama hukumu fulani ya zamani imetajwa na mahakama za baadaye, na kama katika kutajwa huko imefuatwa au imetenguliwa. Eugene Garfield aliiona hekima iliyomo akaihamishia katika sayansi. Mwaka 1955 alichapisha katika jarida la Science pendekezo la kutengeneza faharasa ya namna hiyo kwa makala za kitaalamu, na mwaka 1964 taasisi yake iliyokuwa Philadelphia ikaanza kuitoa Faharasa ya Marejeo ya Sayansi. Yafaa tuliangalie jambo moja mapema, kwa sababu tutalirudia. Faharasa ya mawakili ilieleza namna hukumu ilivyotajwa. Faharasa ya Garfield ilieleza tu kwamba makala imetajwa. Neno la kukubali na neno la kupinga yalihesabiwa kuwa kitu kimoja.

Katika miaka hiyo hiyo watu wakaanza kuuliza ni nini kingine kinachoweza kusomwa katika shehena hiyo ya majina. Mwaka 1963 M. M. Kessler alipendekeza kwamba makala mbili zinazotegemea marejeo yale yale zihesabiwe kuwa na uhusiano. Mwaka 1965 Derek de Solla Price alieleza namna makala za sayansi zinavyofungamana kama wavu kwa njia ya marejeo yake. Mwaka 1973 Henry Small huko Marekani na Irina Marshakova huko Urusi ya Kisovieti, kila mmoja kwa njia yake bila kumtegemea mwenzake, waliligeuza wazo la Kessler. Hawakuuliza makala mbili zinamtaja nani, bali waliuliza ni nani baadaye anayezitaja zote mbili kwa pamoja. Tofauti hiyo ni kubwa. Uhusiano wa Kessler huwekwa siku makala inapochapwa na haubadiliki tena. Uhusiano wa Small na Marshakova huwekwa na wasomaji, nao huendelea kukua au kufifia kadiri miaka inavyopita.

Hatua inayotuhusu hapa ilikuja mwaka 1981, pale Howard White na Belver Griffith wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, walipoacha kuhesabu makala moja moja wakahesabu waandishi. Jina la mwandishi likasimama badala ya kazi zake zote. Waliichagua taaluma yao wenyewe, sayansi ya habari, yaani elimu ya kuhifadhi, kupanga na kutafuta maarifa yaliyoandikwa. Walichukua waandishi 39, wakatumia marejeo ya miaka ya 1972 hadi 1979, wakachora ramani. Mwaka 1998 White pamoja na Katherine McCain waliirudia kazi hiyo kwa upana zaidi: waandishi 120, majarida 12, na miaka 24 kuanzia 1972 hadi 1995, iliyogawanywa katika vipindi vitatu vya miaka minane minane.

Jinsi ramani inavyochorwa

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme tunazo mezani tasnifu kumi zilizoandikwa na wanafunzi wetu juu ya ushairi na sarufi ya Kiswahili. Tunaipekua kurasa ya marejeo ya kila moja, na kwa kila jozi ya waandishi tunaandika ni tasnifu ngapi zilizowataja wote wawili. Tuseme Euphrase Kezilahabi na Ibrahim Noor Shariff wametajwa pamoja katika tasnifu sita. E. O. Ashton na Edgar Polomé wametajwa pamoja katika tatu. Kezilahabi na Ashton wametajwa pamoja katika moja tu. Tarakimu hizo tunazipanga katika jedwali lenye majina yale yale juu na ubavuni, kama jedwali la kuzidisha tunalowafundishia watoto.

Hatua ya pili ni kulinganisha safu nzima. White na Griffith hawakuishia kuuliza kama fulani na fulani wametajwa pamoja. Waliuliza kama safu ya huyu inafanana na safu ya yule, yaani kama wanaye mwenzi yule yule, na kama wanampungukia mwenzi yule yule. Watu wawili wanaweza wasiwe wanatembeleana, lakini ikiwa marafiki wao ni wale wale na mitaa wasiyokanyaga ni ile ile, mgeni atawaona kuwa ni wa kundi moja. Mfanano huo hupimwa kwa kipimo cha hisabati kiitwacho uwiano wa Pearson, ambacho hupanda hadi 1 safu mbili zinapokwenda sambamba kabisa.

Hatua ya tatu ndiyo inayotoa ramani. Fikirieni mtu aliyepewa orodha ya masafa baina ya miji yote ya nchi zetu: Kampala hadi Kigali, Kigali hadi Bujumbura, Bujumbura hadi Kigoma, na kadhalika, lakini hakupewa ramani. Akikaa na karatasi na subira, ataweza kuipanga miji hiyo mpaka masafa yakakubaliana, na umbo la nchi litatokea mbele yake. Kompyuta hufanya kazi hiyo hiyo kwa majina ya wataalamu. Wanaofanana huwekwa karibu, wasiofanana huwekwa mbali, na mchoraji huzungushia mistari makundi yanayojitokeza.

Sifa zake

Mhakiki mwadilifu huanza na sifa, na njia hii inazo. Kwanza, ramani haitokani na rai ya mtu mmoja. Sote tumesoma historia za fasihi ambamo mwandishi huwapanga rafiki zake mbele na mahasimu wake nyuma. Hapa mpangaji ni umati wa watu walioandika kila mmoja kwa shughuli zake, wala hawakujua kwamba siku moja watahesabiwa. Pili, ramani huonyesha mambo ambayo orodha ya majina haiwezi kuyaonyesha: makundi yanayofanana na madhehebu ya kitaaluma, nani yuko katikati ya kundi lake na nani yuko ukingoni, na nani anasimama mpakani akiunganisha kundi na kundi. Hao wa mpakani sisi tunawajali kwa namna ya pekee, kwa kuwa aghalabu ndio walimu wazuri kuliko wote.

Tatu, ramani inaweza kuiambia taaluma jambo ambalo yenyewe isingependa kulisikia. Ramani ya 1998 ilionyesha kwamba ile iliyoitwa sayansi ya habari, kwa jina moja, ilikuwa na mitaa miwili mikubwa. Katika mtaa mmoja walikaa watu wa kutafuta habari kwa mashine, mfano Gerard Salton na Karen Spärck Jones. Katika mtaa wa pili walikaa watu wa kuyachunguza maandishi yenyewe na marejeo yake, akina Price, Garfield na Small. Waliokuwa na nyumba katika mitaa yote miwili walikuwa wachache. Ramani zake tatu za vipindi vitatu zilionyesha pia ni nani aliyedumu mahali pake na ni nani aliyehama. White na McCain walikuwa wanachama wa taaluma hiyo hiyo, na hawakuuficha ufa walioukuta ndani yake. Huo ni uungwana wa kitaalamu, na twautaja kwa heshima.

Ukaribu si maafikiano

Baada ya sifa tuje kwenye kasoro, na tuanze na ile iliyo karibu zaidi na darasa letu. Walimu wenzetu wanaukumbuka mgogoro wa ushairi wa Kiswahili. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi. Mwaka 1974 Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani ya kawaida. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakatetea upana wa maana ya ushairi. Mwaka 1988 Shariff alitoa Tungo Zetu, akasimama upande wa mapokeo. Je, mwanafunzi anayeandika juu ya mgogoro huo atamtaja nani? Hapana shaka atawataja wote. Hawezi kueleza hoja ya upande mmoja bila kuutaja wa pili.

Basi katika ramani ya ushairi wetu Kezilahabi na Shariff watakaa mlango kwa mlango. Mgeni asiyejua Kiswahili akiitazama, atasema: hawa ni watu wa dhehebu moja. Nasi tunajua kwamba ni mahasimu wa hoja, na kwamba ukaribu wao katika karatasi umetokana na ukali wa mabishano yenyewe. White na Griffith walisema kwamba kutajwa pamoja ni dalili ya uhusiano. Hawakusema kwamba ni dalili ya maafikiano. Kosa ni la msomaji wa ramani anayeyachanganya mawili hayo. Lakini njia yenyewe haimsaidii kuepuka kosa hilo, kwa sababu ile alama ya mawakili, ya kufuatwa au kutenguliwa, ilikwisha angushwa njiani tangu mwanzo. Ili kujua kama majirani hao ni marafiki au ni mahasimu, hapana njia ya mkato: lazima arudi kwenye maandishi akasome.

Majina yanayomezwa

Kasoro ya pili ni ya majina. Katika faharasa zilizotumiwa na White na wenzake, kazi iliyorejelewa ilihifadhiwa kwa jina la mwandishi wa kwanza tu. Kazi ikiwa na waandishi watatu, wawili humezwa. Tuutazame mfano wetu. Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1999 ni kazi ya Massamba, Kihore na Hokororo. Kwa hesabu hiyo kila mwanafunzi anayeitaja humpa Massamba alama, na Kihore na Hokororo hawapati kitu. Vivyo hivyo Kahigi angefichwa nyuma ya Mulokozi katika Kunga za Ushairi. Wataalamu wenyewe waliliona jambo hili: Olle Persson mwaka 2001 na Dangzhi Zhao mwaka 2006 walilinganisha hesabu ya jina la kwanza na hesabu ya majina yote. Palipo na desturi ya kufanya kazi kwa ushirika, kama ilivyo kwa kamati na taasisi zetu za lugha, kuhesabu jina la kwanza peke yake ni kuuadhibu ushirika.

Kisha kuna utata wa majina yenyewe. Zanzibar imetupa wanariwaya wawili wakubwa wa kizazi kimoja: Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu na Nyota ya Rehema, na Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano. Mashine iliyofundishwa kwamba jina la mwisho ndilo la ukoo, na kwamba mengine ni herufi za mwanzo tu, ina nusu hatua ya kuwafanya mtu mmoja. Wakati huo huo Said Ahmed Mohamed huyo huyo, anapoandika makala za uhakiki, hutumia jina la Said A. M. Khamis. Mashine itamfanya watu wawili: mtunzi katika mtaa mmoja, mhakiki katika mtaa mwingine, na haitajua kwamba mlango ni mmoja. Seuze Shaaban Robert, ambaye wengine wamemworodhesha chini ya Shaaban na wengine chini ya Robert, hata katika orodha za vitabu vyetu wenyewe.

Nani ana kura

Kasoro ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ndiyo iliyompata mwenzetu wa wino mwekundu. Katika njia hii kuna pande mbili: wanaotaja na wanaotajwa. Watu wengi hudhani kwamba mwandishi anaachwa nje ya ramani kwa sababu vitabu vyake havimo katika faharasa. Si hivyo hasa. Kitabu chochote, cha lugha yoyote, kinaweza kuonekana upande wa wanaotajwa, mradi awepo mtu wa kukitaja mahali panapohesabiwa. Swali ni mahali gani panapohesabiwa. White na McCain walichukua majarida 12. Marejeo yaliyokuwamo humo yalihesabiwa. Marejeo yaliyokuwa nje yake hayakuhesabiwa. Faharasa kubwa zinazotumika hadi leo huchota zaidi katika majarida ya Kiingereza.

Kwa hiyo basi, kitabu cha Kiswahili kinaweza kupigiwa kura, lakini hakina kura ya kupiga. Tasnifu iliyomo katika rafu ya chuo chetu, mwongozo wa mwalimu, makala ya jarida dogo, kitabu cha mihadhara ya kongamano: vyote hivyo vinataja, vinajadili, vinapinga, na vyote haviandikwi popote. Jarida la Kiswahili la Dar es Salaam, ambalo chanzo chake ni taarifa ya Kamati ya Lugha iliyoanza kuchapwa mwaka 1930, lina mjadala mrefu kuliko umri wa Faharasa ya Marejeo ya Sayansi. Mtu akichora ramani ya taaluma ya Kiswahili kwa kutumia majarida ya Kiingereza peke yake, atapata ramani ya namna wasomaji wa Kiingereza wanavyoikumbuka taaluma ya Kiswahili. Hiyo ni ramani halali kwa jina hilo. Ikiitwa ramani ya taaluma ya Kiswahili, imedanganya kwa jina.

Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Aliyeandika kwa wino mwekundu kwamba waandishi fulani hawaonekani alisema kweli: hawaonekani pale alipotazama. Kosa lake lilikuwa kuitoa hukumu juu ya thamani kutokana na habari ya mahali alipotazama.

Hesabu nazo hazikubaliani

Wako watakaosema kwamba angalau hisabati haina upendeleo. Nasi twaiheshimu hisabati, lakini yafaa ijulikane kwamba wanahisabati wa njia hii wenyewe wamebishana. Mwaka 2003 Ahlgren, Jarneving na Rousseau walionyesha kwamba uwiano wa Pearson unaweza kubadilika kwa jambo dogo: kuongeza katika jedwali waandishi wasiotajwa kamwe pamoja na wale wawili wanaopimwa. Wawili hao hawakuandika neno jipya, wala hakuna msomaji aliyewasoma upya, lakini ukaribu wao umebadilika kwa sababu ya wageni waliokaribishwa upande wa pili wa meza. White akajibu, wengine wakaingia, na mjadala ukaendelea kwa miaka. Hatuingii katika kina chake. Twasema tu kwamba mchoraji wa ramani huchagua: achukue waandishi wangapi, aanzie mwaka gani, atumie kipimo kipi, azungushe mstari wapi. Kila chaguo linaweza kutetewa, na kila chaguo linaihamisha nyumba ya mtu.

Fauka ya hayo, ramani hii hutazama nyuma. Ili mwandishi atajwe pamoja na wengine, lazima kwanza asomwe, kisha wasomaji waandike, kisha maandishi yao yachapwe. Mwandishi chipukizi haonekani hata kama ndiye anayeibadili taaluma leo. Ndiyo maana mwaka 2008 Zhao na Strotmann walilirudia wazo la kale la Kessler wakalitumia kwa waandishi: badala ya kuuliza nani anatajwa pamoja, waliuliza ni waandishi gani wa sasa wanaotegemea marejeo yale yale. Ramani ya kwanza ni kumbukumbu ya taaluma. Ya pili ni shughuli zake za sasa. Mwenye kuzitaka zote mbili azichore zote mbili.

Yaliyo mikononi mwetu

Tungeishia hapa, makala yetu ingekuwa lawama tupu, na lawama ni kazi rahisi. Basi na tujitazame. Je, sisi wenyewe hutajana? Tumepitia miongozo mingi ya fasihi inayouzwa katika nchi zetu, na katika baadhi yake hamna ukurasa wa marejeo kabisa. Fasili ya tashihisi imechukuliwa kwa mtu, mfano umechukuliwa kwa mwingine, uchambuzi wa riwaya umechukuliwa kwa wa tatu, na jina lililobaki ni la aliyekusanya. Wengine wetu huwataja wataalamu wa kigeni kwa jina, mwaka na ukurasa, lakini anapochukua wazo la mwalimu mwenzake huandika tu kwamba wapo wasemao hivi. Faharasa ya Philadelphia haikutufanyia hayo. Tumejifanyia wenyewe. Hata faharasa ikifunguliwa kesho kwa kila kitabu cha Kiswahili, haitaweza kuhesabu jina ambalo hatukuliandika.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa walimu wenzetu.

Kwanza, katika kila kazi tunayoiandika au kuisahihisha, majina ya waandishi wote wa kazi inayorejelewa yaandikwe, asiachwe mtu nyuma ya neno na wenzake.

Pili, chama chetu kiwe na orodha moja ya majina ya waandishi wa Kiswahili, ikionyesha jina linalotumika kupangia na majina mengine ya mwandishi huyo huyo, ili Shaaban Robert awe na makazi mamoja na Said Ahmed Mohamed asigawanywe.

Tatu, mwalimu anayeweza achore ramani na wanafunzi wake kwa mkono. Haihitaji mashine. Siku hizi zipo programu zinazofanya kazi hiyo kwa dakika chache, mfano VOSviewer iliyotengenezwa na van Eck na Waltman huko Leiden, lakini tasnifu ishirini za maktaba ya chuo, kadi za karatasi na mchana mmoja vinatosha kwa funzo tunalolitaka. Baada ya kuchora, kila mwanafunzi apewe jozi moja ya majirani, aende akafungue tasnifu zenyewe, aeleze kwa maneno yake kwa nini wawili hao wametajwa pamoja: kwa kukubaliana, kwa kupingana, au kwa mazoea tu ya kunakili orodha ya mwaka uliopita. Hapo atakuwa ameirudisha ile alama ya mawakili iliyopotea. Na akigundua kwamba sababu ni mazoea ya kunakili, hilo nalo litakuwa funzo, pengine kubwa kuliko mengine.

Nne, kila ramani iandikwe chini yake imechorwa kwa marejeo ya nani. Na anapotokea mtu kuitumia kama mizani ya kumpima mtafiti, tuwe na la kumjibu. Mwaka 2015 Diana Hicks, Paul Wouters na wenzao walichapisha azimio linalojulikana kwa jina la Leiden, lenye kanuni kumi za kutumia hesabu za namna hii. Mojawapo ya kanuni hizo ni kulinda ubora wa utafiti unaohusu mahali ulipofanyika, ambao mara nyingi huandikwa kwa lugha ya mahali hapo. Wanaosema hayo ni mabingwa wa hesabu zenyewe, si walalamikaji. Mwenzetu wa wino mwekundu angekuwa na azimio hilo mkononi, pengine asingeibadili mada yake.

Hukumu yetu, basi, ni hii. Njia ya marejeo ya pamoja ni kazi ya akili na ya uaminifu. Inasema kweli juu ya jambo moja: ni nani ambao wasomaji fulani, katika miaka fulani, mahali fulani panapohesabiwa, waliwakumbuka kwa pamoja. Ikitumiwa kuuliza maswali, ni mwalimu msaidizi mzuri. Ikitumiwa kutoa hukumu, inawaonea wasio na kura, na katika nchi hizi tulizo nazo, wasio na kura ni wengi sana.

Mwenzetu tuliyemtaja mwanzoni aliimaliza shahada yake, naye anafundisha. Ile mada ya kwanza haijaandikwa na mtu mpaka leo. Hivi karibuni alituonyesha daftari lake la zamani. Orodha ya waandishi aliolazimishwa kuiacha imo bado katika ukurasa wa mwisho, imepangwa kwa alfabeti. Tulimwomba airudie kazi hiyo, aichape hata kwa mashine ya kurudufia, na majina yote ayaandike.